Mchoro wa Wanja

Mkwe wangu alipoungua mkono, mimi ndiye niliyemwambia aufumbe. Nalitoa hili mapema kwa sababu kwa karibu miaka miwili sikumwambia mtu, na jambo la namna hiyo ni kama samaki aliyesahauliwa kabatini: kila anayeingia ananusa, mwenye nyumba peke yake ndiye anayejidai ana mafua.

Mkwe wangu ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: viti viwili, kioo kirefu, na benchi la wanaosubiri zamu. Mwisho wa benchi, karibu na dirisha, ni pangu. Mimi sisubiri zamu, nasubiri habari. Sasa, msusi akimaliza kusuka rasta, huchovya ncha zake kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke. Siku hiyo sufuria iliteleza mezani, naye kwa haraka ya kumkinga mteja akaidaka kwa mkono wa kulia. Mteja alitoka salama. Maji yalimla mkwe wangu kuanzia dole gumba mpaka katikati ya kiganja.

Walimsafisha na kumfunga kwenye zahanati ya jirani. Tukirudi nyumbani alikuwa akilia kila akinyoosha vidole, akivikunja anapata nafuu. Nikamwambia, "Fumba, mwanangu. Mahali mwili unapopata raha ndipo unapotaka kukaa." Nililisema kwa uhakika wa mtu aliyelea watoto sita bila kuuliza mtu. Akafumba. Nikamfungia kitambaa laini juu, kila asubuhi, kwa mikono yangu mwenyewe.

Kidonda kilipona vizuri sana. Kilichotuharibia ni huko kupona. Ngozi mpya ilijisokota ikawa ngumu kama ukanda wa kiatu, ikalivuta dole gumba mpaka likalala kiganjani, na kati yake na kidole cha shahada pakaota utando kama wa mguu wa bata. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkwe wangu alikuwa navyo vinne vizima, na bado chawa wangemcheka, maana msusi ni gumba na shahada. Hivyo viwili ndivyo vinavyochambua nywele, vinavyobana, vinavyovuta. Vingine vinasindikiza.

Alijaribu kusukia mkono wa kushoto. Kichwa cha kwanza kilitoka kama shamba lililolimwa na mlevi. Wateja ni watu wenye adabu, hakuna aliyemtukana. Walisema tu, "Nitapita wiki ijayo," na wiki zikapita zenyewe bila wao. Mwishowe mwanangu, mumewe, ambaye ni fundi bomba na hupenda kila kitu kiwe na matumizi, akasema chumba kile kigeuzwe stoo ya mabomba yake.

Mkwe wangu alikuwa akifuta kioo kwa mkono wa kushoto. Hakugeuka. "Nipe mpaka hospitali kubwa waniambie haiwezekani," alisema. "Wakisema hivyo, leta mabomba yako."

Ndipo tukaenda hospitali kubwa, mimi na yeye.

Daktari wa mikono alikuwa binti mwembamba, rika la mjukuu wangu wa kwanza, mwenye kalamu ya zambarau mfukoni. Wagonjwa walimwita Daktari Kalamu, kwa sababu hamtii mtu kisu kabla hajamchora. Ukipita kwenye wodi yake unaona mikono imechorwa kama madaftari ya darasa la kwanza. Aliushika mkono wa mkwe wangu, akaugeuza, akabonyeza hapa na pale, kisha akauliza bila kuinua uso:

"Ulipoungua, nani alikuambia uufumbe?"

Mimi nikaona pangaboi la darini lina vumbi jingi sana, nikaanza kulikagua panga moja baada ya jingine.

"Nilifumba tu mwenyewe," mkwe wangu akajibu. "Ulikuwa unauma."

"Wengi hufanya hivyo," daktari akasema. "Mkono ulioungua unafaa upone ukiwa wazi, hata kama unauma. Ukipona umefumbwa, unabaki umefumbwa."

Nililihesabu pangaboi lile. Lilikuwa na mapanga matatu. Nikalihesabu tena.

"Utafunguka?" mkwe wangu akauliza.

"Mishipa yako mizima, na viungo havijaganda. Kilichokufunga ni ngozi peke yake." Akachukua karatasi, akachora mstari mmoja mrefu. "Hili ndilo kovu, limevutika kama kamba. Nikilikata moja kwa moja, litajivuta tena. Kwa hiyo nakata pembetatu mbili, moja kila upande, halafu zinabadilishana mahali. Hii inakuja huku, ile inakwenda kule. Pale palipokuwa na ufupi panapata urefu. Kipande kikubwa nitakitoa upande wa gumba, kwenye ngozi nzima, maana upande wa shahada kovu limekwenda chini: ukichonga pembe ndefu kule damu haifiki nchani, na ncha inakufa."

"Na ngozi ya kuongezea mnatoa wapi?" nikauliza. "Maana mimi ninayo ya ziada. Itazame shingo hii. Chukua utakayo, daktari, sitaidai."

"Asante, bibi, ikae tu. Tunatumia ngozi ya hapo hapo, jirani na kovu. Haikatwi ikaondolewa, inazungushwa tu, upande mmoja bado imeshika na damu yake inapita."

"Basi nimeelewa," nikasema. "Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Hata kwenye ngozi."

Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa ameinamia karatasi, kidole cha mkono wa kushoto kikifuata mistari. "Hii inapita juu ya hii," alisema polepole. "Kama kusuka."

"Ni kusuka," daktari akasema. "Ila nasuka mara moja tu. Nikikosea siwezi kufumua."

Tulisubiri miezi minane kwenye orodha. Siku ya kulazwa ilipofika nilikwenda naye, kwa sababu mgonjwa mwenye mkono mmoja anahitaji mtu wa kumfungulia vifungo, na kwa sababu wodi ina habari kuliko benchi langu. Alasiri Daktari Kalamu alikuja na kalamu yake. Mimi nilikuwa nimetoka kutafuta maji ya moto. Niliporudi mkono ulikuwa umeshachorwa: mstari juu ya kovu na pembetatu mbili, moja nene, moja nyembamba. Daktari alikuwa ameshakwenda, akabaki nesi mwenye sauti ya kengele, akitangaza kitanda hadi kitanda:

"Wa kesho wote waoge leo jioni kwa sabuni hii. Sehemu itakayopasuliwa isuguliwe vizuri."

Na mimi nikiambiwa kusugua, nasugua.

Kule bafuni mkwe wangu alikuwa amefumba macho, uso umejaa povu. Nikaushika ule mkono. Nikasugua kila kunjo, kila kona, nikaingia chini ya ule utando wa bata kwa ncha ya kitambaa. Nikaufunika kwa taulo jeupe la hospitali, nikaubana mpaka ukakauka. Nikafungua taulo, na mkono ukatoka mweupe kama wa malaika.

Mkwe wangu akafumbua macho. Akautazama mkono. Akanitazama mimi.

"Mama. Ramani yangu iko wapi?"

Ilikuwa kwenye taulo. Wino ulikuwa bado haujashika vizuri, na niliposugua ukalegea, na nilipobana ukahama. Pembetatu mbili na mstari, zambarau iliyofifia, lakini zinaonekana kila pembe.

"Watanirudisha," mkwe wangu akasema. Alikaa kwenye ukingo wa beseni la kufulia. "Watasema hatufuati maagizo. Tutangoja miezi mingine minane. Mwanao atakuwa ameshajaza mabomba mpaka dirishani."

"Hakuna wa kukurudisha," nikasema. "Nipe mkoba wangu."

Mwanamke hata akiwa na miaka sabini na miwili haendi hospitali bila wanja. Huwezi kujua daktari wa zamu atakuwa nani. Nikaichonga ncha ya kalamu ya wanja kwa meno, nikatandaza taulo kwenye goti langu, nikaushika mkono wa mkwe wangu, nikanakili. Mstari, pembetatu nene, pembetatu nyembamba, kama ilivyokuwa kwenye taulo, bila kuongeza wala kupunguza. Mkono wangu hautetemeki nikipaka wanja. Una mazoezi ya miaka hamsini na tano.

"Mbona nyeusi?" mkwe wangu akauliza.

"Ikikauka huwa hivyo."

"Mama, hatukosei?"

"Nimekosea lini?" nikamjibu, na nikajuta neno lenyewe kabla halijatoka lote. Akavaa gauni la hospitali, tukarudi kitandani, na nesi mwenye sauti ya kengele akapita, akautazama mkono kwa mbali, akaandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa yuko tayari.

Asubuhi walikuja kumchukua, wa pili kwenye orodha ya siku hiyo. Kitanda cha magurudumu, gauni la kijani, kofia ya karatasi iliyomfanya aonekane kama mkate uliofunikwa. Nikamwambia hivyo, akatabasamu kidogo. Wakamsukuma, magurudumu yakilia, wakapinda kona.

Nikabaki natandika kitanda. Taulo lilikuwa limetundikwa kwenye chuma cha kitanda. Nikalikunja katikati ili nilifiche chini ya mto, na kidole changu cha shahada kikaangukia kwenye ule mchoro. Bila kufikiri nikalikandamiza taulo juu ya mkono wangu wa kulia, kama lilivyokuwa jana juu ya mkono wa mkwe wangu. Pembetatu nene ikaangukia upande wa gumba.

Nikalifungua nikalitazama kwa juu. Pembetatu nene ilikuwa upande wa kidole cha shahada.

Nikakaa kitandani. Mwalimu mkuu wetu, zamani shuleni, alikuwa na muhuri wa mpira. Ukiutazama uso wake, kila kitu kimegeuka, kushoto kuko kulia. Unasomeka sawa ukishagongwa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimenakili uso wa muhuri. Na maneno ya daktari, siku ile ya kwanza, yalinijia yote kwa mpigo: upande wa gumba kuna ngozi nzima, ndiko atakakotoa kipande kikubwa, upande wa shahada kovu limekwenda chini, ukichonga pembe ndefu kule damu haifiki nchani, na ncha inakuwa nyeusi, inakufa. Haifumuliwi.

Sikumbuki kuvaa viatu. Nadhani sikuvaa. Nilitoka na taulo begani, nikapinda kona, na mwili huu ambao mwanangu hudhani ni wa kukaa tu benchini ulikimbia ujia mzima. Mtu mmoja mwenye mguu wa plasta alisogea ukutani akasema, "Pita, bibi, moto uko wapi?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Mwisho wa ujia kuna mstari mwekundu sakafuni, na maandishi ukutani kwamba asiye mhusika asivuke. Kitanda cha mkwe wangu kilikuwa ng'ambo ya mstari, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Walikuwa wameshamchoma sindano ya ganzi kwapani, mkono umelala pembeni kwenye ubao kama si wake. Daktari Kalamu alikuwa akinawa kwenye sinki, maji yakimchuruzika viwikoni.

Nikavuka.

"Bibi, rudi nyuma ya mstari," akasema yule nesi wa wodini, aliyemsukuma mpaka pale.

"Nitarudi. Nikishasema." Nikamgeukia daktari. "Mchoro ule si wako."

Daktari akafunga maji kwa kiwiko. "Unasemaje?"

"Wako niliuosha. Huo ni wanja. Nimeunakili kutoka kwenye taulo hili, nao umegeuka." Nikalitandaza taulo mbele yake. "Kipande kinene nimekiweka kwenye kovu. Sikujua. Nimejua sasa hivi."

Alisogea, akauinamia mkono wa mkwe wangu, akautazama kwa muda. Nesi naye akautazama. Mimi nikaona kwamba nikinyamaza hapo nitakuwa nimetoa nusu ya mwiba.

"Na lile lingine," nikasema. "Uliuliza nani alimwambia afumbe mkono. Ni mimi. Nilimfunga kitambaa kila asubuhi. Yeye alinifichia. Sasa kama kuna wa kurudishwa nyumbani, nirudisheni mimi, yeye mwacheni hapa."

Mkwe wangu alikuwa amelala anatazama dari. Hakuugeuza uso.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwepo. Nilijua aliyenifunga."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unahesabu pangaboi. Ningekukatizaje?"

Nesi mwenye sauti ya kengele akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Daktari hakucheka. Aliomba dawa ya kusafishia, akaufuta wanja wangu wote, akachukua kalamu mpya, akachora upya, polepole, kipande kinene upande wa gumba. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Nina mikono minne leo, bibi. Huenda ningegundua. Huenda nisingegundua. Umefanya vizuri kukimbia." Akanawa tena tangu mwanzo. Kabla hajaingia akaongeza, "Pembe zako lakini zimenyooka. Unapaka wanja vizuri."

Nilimngojea nje kwa saa mbili, nyuma ya mstari, miguu mitupu. Nilikuwa na mzaha wa kutosha wodi nzima siku hiyo, na hakuna hata mmoja uliotaka kutoka.

Siku ya tano walifungua bandeji. Nilitaka kulitazama pangaboi, nikajizuia. Gumba lilikuwa limesimama mbali na kiganja, limeshikiliwa na gango la plasta, na kati yake na shahada, mahali pa ule utando wa bata, palikuwa na bonde lililoshonwa kwa nyuzi nyeusi, mshono wa kupinda kwenda na kurudi. Ncha ya kipande kinene ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Hiyo ni kalamu yako au ni damu?" nikauliza.

"Ni damu inayojiuliza," daktari akasema. Akaibonyeza kwa ncha ya kidole. Ikapauka. Akaachia. Tukangoja, sote watatu, na nadhani kitanda cha jirani pia kilingoja. Rangi ikarudi, taratibu, kama mgeni asiye na hakika na mlango.

"Inapita," daktari akasema. "Pole pole, lakini inapita."

Ncha ile ilibambuka kidogo, upana wa punje ya mchele, na chini yake pakatoka ngozi nzima. Kisha yakaanza mazoezi, na hayo ndiyo yaliyokuwa kazi hasa. Daktari alisema ngozi ina kumbukumbu mbaya kama mkopaji, usipoikumbusha kila siku inarudia tabia yake ya zamani. Mchana mkwe wangu alifungua na kufumba mkono, mara ishirini, mara tano kwa siku. Alipolala alivaa gango. Mara nyingine alilia, akakunja mkono kifuani, akanitazama. Mimi niliyewahi kusema fumba, nikawa mtu wa kusema fungua.

"Inauma, mama."

"Najua. Fungua."

"Huna huruma."

"Huruma yangu tumeshaiona ilikokufikisha. Fungua, mwanangu."

Tulimpa vitu vya kushika, kila juma kinene zaidi: kikombe cha dawa, kisha glasi, kisha kopo la mafuta ya nywele. Siku alipolizungushia kopo gumba na shahada bila kulitegemeza kwa mkono mwingine, mwanangu alikuwa mlangoni na kipande cha bomba begani, amekuja kupima urefu wa ukuta. Akatazama lile kopo. Akatazama bomba lake. Akaenda kuliegesha uani, na tangu siku hiyo hakupima tena.

Mwezi wa nne mkwe wangu alikiweka kiti mbele ya kioo akaniambia nikae.

"Mimi?" nikasema. "Nywele zenyewe zimebaki za kuhesabika. Tafuta kichwa chenye faida."

"Kichwa kingine kikiharibika kitakwenda kusimulia. Chako kitakaa benchini."

Nikakaa. Alichana, akagawa njia ya kwanza kwa mpini wa kitana, kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Kwenye kioo niliiona ikienda, ikayumba kidogo juu ya sikio, ikarudi. Kisha gumba na shahada vikaingia nywelani. Msuko wa kwanza ulikuwa mlegevu kama kamba ya kuanikia nguo, akaufumua. Wa pili ukafika katikati ukamponyoka. Akautikisa mkono, akaupumzisha pajani, jasho limemtoka juu ya mdomo. Mwanamke jirani aliyepita nje na kikapu akasimama dirishani, akaweka kikapu chini.

Mkwe wangu akaanza tena. Safari hii nilisikia vidole viwili vikibana, nywele chache chache, karibu kabisa na ngozi, vikivuta, vikipishana. Alipofika kisogoni nyusi zangu zilikuwa zimepanda, na jicho la kushoto limeanza kutoa machozi.

Akanitazama kupitia kioo. Vidole havikuachia.

"Inauma, mama? Nilegeze?"

"Kaza," nikasema.

Akakaza.